Sensa ya Mtu Mmoja

Miaka ishirini na miwili nimeshika mizani pale Mwaloni.
Dagaa gunia kwa gunia, sangara mkia ukiburuza sakafu,
na kidole cha tajiri kikiegemea sahani
akidhani sioni.
Naona.

Mimi mwenyewe nilipimwa mara moja kwa mwezi, kliniki,
tone moja la damu: kumi na moja, tisa, kumi na tatu,
kama mtu aliyechungulia sinema kwenye tundu la ufunguo
kisha anaulizwa iliishaje.

Ndipo Lugembe, mtoto wa dada, akarudi safari na kiboksi.
"Mjomba, vua shati."
Tak! Nyuma ya mkono
kimekaa kitu kama kifuniko cha soda.
"Inaitwa sensa."
"Sensa? Si tulishahesabiwa?"
"Hii inahesabu mmoja. Siku kumi na nne, usiku na mchana."
"Na ya kumi na tano?"
Akajifanya anatafuta chaja.
Bei nilishaiona ubavuni mwa boksi.

Siku ya kwanza Minza alipika michembe kwa karanga,
chakula cha mama, viazi vilivyokunywa jua juu ya mwamba.
Nikala bakuli, nikafungua simu:
mstari unapanda kama ngazi za Igogo,
jiwe juu ya jiwe, nyumba juu ya nyumba,
ukafika kumi na sita, ukakaa huko
ukiangalia ziwa.
Soda nilishaikana. Chai nanywa chungu kama mwarobaini.
Kumbe aliyekuwa ananiuza ni wa nyumbani.

Kwa hasira siku ya pili nikameza vidonge, nikalala bila kula.
Saa tisa usiku simu ikapiga kelele,
Minza akakamata panga: mwizi!
Mwizi alikuwa ndani yangu.
Tatu nukta moja. Shuka limelowa, vidole vinacheza ngoma.
Akaweka panga chini, akachukua kijiko,
na sukari ile ile niliyoitukana
ikanirudisha kwa jina langu.
"Wewe Masalu," akasema, "hata kususa hujui."

Siku ya sita sikuwa nimekula kitu tangu alfajiri,
na mstari unapanda.
Nikatikisa simu. Nikaipuliza. Unapanda.
Mbele yangu tajiri, kidole chake, sahani,
mama wa dagaa anahesabu noti asizopewa.
Sikuwa nimekula kitu,
nimemeza maneno tu.

Siku ya saba nikasema: "Mzee Sayi, toa kidole."
Soko likanyamaza kidogo, kisha likaendelea.
Kama mstari ulishuka sijui,
siku hiyo sikuangalia simu.

Jioni nilianza kuacha bodaboda, kurudi kwa miguu.
Zile ngazi, magoti yakinung'unika:
mimi napanda, mstari unashuka,
tunapishana njiani kama majirani.
Nikaandika yote kwenye daftari la kilo,
samaki kwanza, kiazi baadaye,
na mtu akilipeleleza atadhani
nimeuza michembe kwa mkopo.

Kikazimika siku ya kumi na nne, saa nne asubuhi,
katikati ya kupima.
Nimekibandua. Kina unywele mmoja tu, laini,
nilidhani kuna msumari.
Ngozi imeacha duara jeupe,
kama pale saa ya ukutani ilipokuwa.

Jana Minza amepika tena. Vipande vitano,
sato mzima kando, mchicha umejaa.
Nikavila polepole, kila kimoja na jina lake,
kisha nikatoka kwenda kuzihesabu ngazi:
mia moja na nane, kama kawaida.
Hapa pengine ni kumi. Hapa, nikikohoa, tisa.
Chini taa za mitumbwi zimeanza kuwaka.

Nikirudi ananiuliza, "Ngapi?"
Simu kimya mfukoni.
"Subiri," namwambia, nikikaa kizingitini,
"mshale bado unacheza."