Deni la Chokaa

Nyumba ya Malindi, chumba cha juu, ukuta wa kibla:
saruji ya juzi imebanduka kama kigaga.
Nilisema toka mwanzo, mawe haya yanapumua,
ukiyaziba pua yatakohoa chumvi.
Nani amsikilize Vuai, mfyatua matofali wa Fuoni?
Thelathini na tano kwa mfuko mmoja,
na mchanga msiniulize.

Leo nimeitwa kwa jina la baba.
"Mwana wa Ngwali ndiye aufungue," kasema Bi Mize,
"babake ndiye aliyeujenga."

Nikagonga. Tumbawe likatoa vumbi.
Nyuma yake chokaa ya Muyuni, ngumu, nyeupe,
na ndani yake chembe ya mkaa,
gogo lililokataa kwisha.
Nalikumbuka lile tanuu: magogo yamezungushwa
kama msusi aanzavyo kawa,
mawe juu yake, na usiku kucha yanapasuka, tunahesabu.
Asubuhi mepesi, meupe. Ukiyamwagia maji yanafoka.
Baba akayafukia shimoni, akafunika makuti.
"Wiki sita asiguse mtu. Chokaa changa
huunguza mkono na huudanganya ukuta."

Nikaendelea.
Ubavuni mwa dirisha, upande wa kushoto,
patasi ikazama kama kwenye boga bivu.
Udongo.
Udongo mwekundu mtupu, kutoka sakafuni hadi kifuani kwangu,
umepakwa weupe mwembamba kama ukucha.
"Vipi?" akauliza Bi Mize.
"Panya," nikasema.

Mwaka ule, sikukuu, nilivaa viatu
vya ngozi, vya kamba, vya dukani Darajani.
Watoto wa Kikwajuni walinifuata nyuma kuvitazama.
Mama aliuliza pesa zimetoka wapi.
Baba alikuwa akikwangua chokaa kwenye kucha,
hakuinua uso.

Na ukuta umesimama. Hilo ndilo linalonitia kichaa.
Miaka hamsini umebeba boriti, na kabati la Bi Mize,
na harusi mbili, na udongo ule tumboni,
haukusema neno.

Nimeagiza mapolo manane kwa wachomaji wa Muyuni.
Bi Mize nimemtajia bei ya manne.
Itakaa shimoni wiki sita; akilalamika, alalamike.

Jioni, Fuoni, kijana wangu anachota mchanga,
karai juu ya karai, anapiga mluzi.
Nikamshika mkono.
"Ishirini na tano," nikamwambia.
"Kwa mifuko miwili?"
"Kwa mmoja."
Akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua.