Alipiga Hewani

Saa moja asubuhi redio ya jirani
(ya kwetu betri zake ziko juani tangu Jumapili)
inasema: jana usiku, Kadutu, askari mmoja
kwa furaha ya goli alipiga risasi hewani.
Hakuna hasara iliyoripotiwa.

Hewani.
Mtangazaji huyu lazima anakaa kwenye tambarare.
Huku kwetu nyumba zimepangwa mlimani
kama vyombo kwenye kabati la maskini,
paa la huyu ni kizingiti cha yule,
hata maji ya kunawa huyamwagi kabla ya kupiga hodi chini.
Hiyo hewa ni jiko la Mama Nankafu.
Na hiyo hasara ni sufuria yake kubwa ya maharage,
imetobolewa ubavuni yakiwa yamebakiza chumvi tu.

Nilipanda kutoa pole.
Tulilisimamia lile tundu kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga:
dogo, la mviringo,
hakuna aliyethubutu kusema limefanana na nani.
"Timu ikiendelea kushinda," akasema Mama Nankafu,
"nitakuwa na chujio."

Nikacheka, lakini kwa mdomo tu.
Maana huyo "askari mmoja" ana jina, ni Murhula,
mdogo wake mume wangu,
analala sebuleni kwangu tangu mvua za Septemba,
anakula sambaza zangu na vichwa vyake,
na bunduki yake husimama jikoni,
kati ya ufagio na mwiko wa bugali,
kama mgeni aliyekosa kiti.
Ukiuliza: "Haina kitu, Mama Ciza. Haina kitu."

Maneno hayohayo
mume wangu huyasema juu ya pochi yake mwisho wa mwezi,
na mara mbili nimeikuta na kitu.

Siku ile niliposhuka kutoka kwa Mama Nankafu
nilisimama mlangoni nikalitazama jiko langu upya.
Mafuta ya taa: juu, mtoto hafiki.
Dawa ya panya: juu zaidi, hata mimi sifiki.
Sukari: ndani ya sanduku la bati, na kufuli la Mchina,
kwa sababu Ciza ana miaka sita na ulimi wa nyuki.
Sukari ina kufuli.
Ile nyingine imeegemea ukuta, na Ciza
ameitundikia kofia yake ya shule.

Sikupiga kelele. Nilingoja Murhula amalize kula,
mwanaume aliyeshiba husikia vizuri.
Nikamwambia atoe risasi zote mbele ya macho yangu.
Akauliza aelekeze wapi mdomo wake.
Swali zuri, la kwanza kutoka kwake tangu Septemba.
Juu, Mama Nankafu. Chini, watoto wa Cirhuza.
Kulia wanasali. Kushoto ni choo
na choo chetu hakikosi mtu.
Tukazunguka nyuma ya nyumba,
palipochongwa mlima tupate kiwanja,
akauelekeza kwenye udongo mtupu.
Mlima hauna watoto.

Sasa bunduki inalala sandukuni.
Risasi ziko kwingine, na sisemi wapi, hata hapa.
Ufunguo umefungwa kwenye pindo la kitenge
pamoja na pesa ya makala,
na jioni Murhula akienda zamu anasimama mlangoni,
kofia mkononi: "Mama Ciza, naomba kazi yangu."
Sufuria anailipa kidogo kidogo.
Ameshalipa kifuniko.

Redio haikurudia habari ile. Kuna nyingine,
daraja, bei ya unga, mheshimiwa aliyezindua bomba lisilo na maji.
Basi niseme mimi.
Sukari, kwa kuwa ilihamishwa ikakaa mezani wazi,
imeisha kwa siku mbili, kilo nzima,
na mshukiwa amekutwa na chembe kwenye kidevu.
Hasara hii
ninairipoti.