Meza ya Alama za Vidole

Jumatatu huwa ni wauguzi.
Sijui kwa nini. Labda zamu ya usiku
huishia alfajiri hiyo, nao huja moja kwa moja,
macho mekundu, bahasha za kaki mapajani,
huku Kakamega ikijiandaa kwa mvua yake ya saa tisa.

Nawaambia: nipe mkono. Legeza.
Usinisaidie; kidole kinachojisukuma huharibu karatasi.
Nakiviringisha, kucha hadi kucha,
kama chapati ya chai.
Wao waliokesha wakishika mikono ya watu
hawajui kushikwa.

Leo alikuja Khavere wa Shinyalu.
Shahada ya uuguzi, daraja la kwanza,
miaka mitano ya kandarasi za miezi mitatu mitatu.
Wino ulimkataa.
Dawa ya kunawia imemla mistari,
vidole laini kama kokoto za Isiukhu.
Nikampaka. Nikafuta. Nikampaka tena.
Karatasi ikatoa mawingu matupu.
"Nimenawa mpaka nimejifuta," akasema,
akacheka, ila si sana.
Nikamshauri akae wiki mbili bila kufua wala kuosha vyombo,
apake samli, alale na soksi mikononi.
"Na wodini," akauliza, "nivae soksi pia?"

Kinaitwa cheti cha tabia njema.
Huko Nairobi wanapekua majalada, wanakuta
hakuiba, hakumpiga mtu, hakuchoma duka,
wanagonga muhuri: mwacheni aende.
Mwizi wa kuku wa Lurambi hana haja nacho.
Yeye tupo naye.

Sisemi wanakosea.
Msiniletee hapa habari za uzalendo.
Nimemsikiliza Mmbone, mwalimu wa fizikia,
anayefundisha umeme darasani kusiko na balbu
na kulipwa mahindi wazazi wakikosa pesa.
Nimemshika Apondi, mhandisi wa maji,
aliyeijua ramani ya kila bomba la mji wao
na hakuajiriwa kuligusa hata moja.
Huyo alikuja na mamake kutoka Yala.
Mama alitaka kujua kama wino huu hutoka.
Hutoka, mama. Kwa sabuni na majivu.
"Basi," akasema, "si kiapo."
Akamfuta bintiye vidole kwa upindo wa leso yake,
kimoja kimoja, polepole,
mpaka foleni ikaanza kunung'unika.
Sikuwaharakisha.

Mimi pia nilisoma.
Sosholojia. Tasnifu ya kurasa themanini
juu ya sababu zinazowafanya watu kuhama;
nyumbani imo kabatini na vikombe vya wageni,
na kama vikombe vile, hakuna aliyeigusa.

Jioni hii, watu walipokwisha,
nilichukua karatasi moja safi.
Jina: Vihenda. Kazi: nikaacha wazi.
Kujipaka wino niliweza.
Kujiviringisha ndipo palipogoma:
kidole kinajisaidia, kinasukuma, kinakwaruza,
gumba likatoka kama jani lililokanyagwa na ng'ombe.
Karatasi ya pili vivyo hivyo. Ya tatu.

Mlinzi, mzee Shitanda, alikuwa mlangoni na funguo.
"Njoo unishike mkono," nikamwambia.
Akatazama karatasi. Akanitazama.
"Hata wewe?"
Mvua, iliyochelewa siku nzima, ikaangukia mabati
na sikulazimika kujibu.
Akaegemeza rungu ukutani,
akakipokea kidole changu kama mtu aliyepewa kifaranga.

"Legeza," akasema. Alikuwa amenisikia mara elfu.

Nikajaribu.
Miaka sita nawaagiza wenzangu jambo hili
nikidhani ni jepesi.