Kalenda ya Duka la Rangi

Kalenda ya duka la rangi ilikuwa na picha kumi na mbili,
zote za vijiji vya Italia, vimening'inia majabalini juu ya bahari,
nyumba ya njano imeiegemea ya waridi, ya waridi ya chungwa,
kama watu waliochoka kwenye foleni ya benki.
Mwaka uliisha. Hatukuing'oa.
Ilikwama Agosti, juu ya friji, Tandika, miaka tisa.

"Ipo siku," ulikuwa ukisema, Chande,
rangi ya nyumba za watu imekukaukia kuchani.
"Ipo," nami nikikujibu, nageuza maandazi.
Fungate yetu tuliipisha: ilipita kodi, ikapita ada,
ukapita msiba wa kaka yako, ikapita ada tena.

Ijumaa ile ukarudi mapema, umenawa hadi viwikoni.
"Funga begi. Siku mbili. Italia imejaa, nimeulizia.
Tunavuka Kigamboni."

Tukavuka kwa shilingi mia nne, sisi na magunia ya mkaa
na kuku wa mtu aliyenidonoa kanga.
Ng'ambo ukaazima pikipiki ya mpwa wako Tindwa,
nikakushika kiuno mchana kweupe,
mimi, mama wa watoto wanne.

Mjimwema tulikunywa soda za moto, friji ilikuwa pambo.
Gezaulole, jina lenyewe amri ya Kizaramo: jaribu, uone.
Tukajaribu. Mchanga ukatuonyesha.
Pikipiki ikalala, nasi tukalala nayo,
ukacheka wewe kwanza, kisha mimi,
nikitafuta kiatu kwenye majani.

Ulikagua kila ukuta tuliopita.
"Huyu kapaka bila kukwangua."
"Hii chokaa tupu."
"Chumvi inakula kuanzia chini. Kama deni."
Nikakuuliza, umekuja kutembea
au umetumwa na halmashauri?

Kimbiji, kwa Bi Siwatu, chumba kimoja:
chandarua chenye viraka, ndoo mbili za maji,
dirisha linalotazama bahari,
fremu yake imepauka kama mfupa wa samaki.
Hatukuwa na la kusema hadi umeme ulipokatika.
Ndipo ukanisimulia habari za kaka yako,
zile ambazo hukuzisema matangani.
Sikukujibu. Nilikusogelea.
Miaka ishirini na miwili nimelala nawe
nikisikiliza spika za baa ya jirani;
sikujua kwamba unakoroma kwa mafungu, matatu, kisha kituo.

Jumamosi tulipanga kufika Buyuni.
Nikaamka, kitanda nusu.
Nikakukuta nje umesimama juu ya kreti la soda,
shati umevua, brashi ya kuazima mkononi.
Ulichanganya nyeupe iliyobaki msikitini
na ile nyekundu ya sakafu aliyokuwa nayo Bi Siwatu stoo,
ikazaa waridi. Ya Agosti. Au jirani yake.

Nilikasirika, usidhani sikukasirika.
Nilikuwa nimevaa gauni la Buyuni.
Nikakaa kwenye ngazi, nikala muhogo wangu kimya,
na kimya changu unakijua, kina kufuli.
Wewe ukaendelea, taratibu, bila kudondosha tone,
ulimi umeubana pembeni ya mdomo
kama siku ile ulipoandika jina langu kwenye cheti cha ndoa.

Kreti likayumba.
Nikaenda kulishika.

Buyuni hatukufika.
Bi Siwatu alikataa pesa ya usiku wa pili,
ukaiacha chini ya ndoo.
Jumapili mtoto akapiga simu, gesi imeisha,
na mtungi wa akiba uko wapi, na mnarudi saa ngapi.

Kwenye pantoni dada mmoja alinigusa bega.
"Mama, umechafuka. Hapo, kwenye kiwiko."
Nikamwambia, najua.