Sikio la Kulia

Bibi Saturnina, jiwe limefika Valencia
ndani ya soksi, lanukia majani ya koka.
Afisa forodha alilinusa mara mbili.

Miaka thelathini ulichokonoa vifusi vya Poopó
ukitafuta bati la kuuza,
na hili ukalificha kwa uzuri wake tu:
jeusi, limejiviringa kama mkeka.

Nalibandika utepe wa gundi, nabandua.
Nakunja, nabandua tena,
hadi unabaki utando wa kuapia kwamba upo.
Chini ya hadubini unene wenyewe ndio rangi:
hapa fedha, hapa samawati,
hapa karibu hakuna.

Ni tabaka za aina mbili, bibi, hazilingani vipimo;
zimelaliana hivyo hivyo, zikapata makunyanzi.

Usiku nikawasha leza isiyoonekana kwa macho.
Chembe tatu za mwanga zilizama,
ikaibuka moja,
kijani cha kitunguu kichanga.

Nikauzungusha utando robo duara. Kijani kikafa.
Nikadhani nimeuunguza.
Nikazungusha tena: kikarudi, hakina kinyongo.

Una upande wa kuitikia na upande wa ukimya,
na makunyanzi ndiyo yanayoamua.
Profesa ana jina refu la jambo hilo.
Mimi nilikukumbuka wewe mezani,
baada ya baruti ile ya mgodini,
nasi wajukuu tukigombania kiti cha kuliani kwako.

Jumapili nitakupigia.
Simu iweke kulekule.