Kucha za Kuazima

Saa mbili asubuhi, dirisha la maabara, Mwembe Tayari,
watu wananiletea siri zao ndani ya vikopo:
kopo la mafuta ya nywele,
kibiriti kilichofungwa uzi wa kushonea kofia,
na Mzee Mbarak, kwenye kisanduku cha saa ya mkononi,
akanong'ona kama anayeuza dhahabu:
"Mwanangu, hiki ni cha jirani."

Siku zote ni cha jirani.

Natia tone la maji ya chumvi, kioo juu ya kioo,
nafumba jicho moja.
Yai la mchango lina vinundu kama stafeli bichi.
La mjeledi limezibwa huku na huku, pipa la kitoto.
La safura lina ganda jembamba, langavu,
huwezi kudhani litakunywa damu.
Mungu anisamehe, nayaona mazuri.

Naandika kwa wino wa buluu: yameonekana.
Siandiki kwamba Mbeyu, miaka sita, macho meupe kama tui,
hubandua udongo wa ukuta akautafuna,
wala kwamba choo cha ua wao hufurika kila masika
na viatu vyake ni vya sikukuu.
Karatasi ina mstari mmoja tu.

Jioni narudi Majengo,
vyumba sita, ukumbi mmoja,
kwa nyanya yangu, Bi Mwanamkuu.
Kiharusi kimemkunja vidole kama kaa aliyepikwa,
muuguzi amemkata kucha hadi nyamani
zisije zikamtoboa viganja.
Na upele ukamwona.

Waliosema upele humwota asiye na kucha
walikuwa wakiitania bahati.
Hawakuuguza mtu.

Mchana mdudu huyo hana habari nawe.
Isha ikishaswaliwa, mwili ukipata joto la shuka,
huanza kuchimba kama mwizi wa ukuta wa udongo,
polepole, kwenye maungio ya vidole, kiunoni, chini ya titi.
Nyanya huita gizani: "Kucha!"
Jina langu ni Fathiya,
lakini saa hizo mimi ni kucha.

Wiki ya tatu nikaanza kuvaa mikono mirefu.
Mimi, msomaji wa vikopo vya watu.
Nyanya akanyamaza siku mbili, kisha akanitolea ubeti:

*Wanificha la kuficha, mwenzio nimeliona,*
*usiku hukuna kucha, kutwa mkono wabana,*
*nami sina hata kucha, ndipo wewe wanikuna,*
*basi leo kumekucha, tukune tukionana.*

Dawa haifai kwa chumba kimoja.
Nikabisha milango sita. Sita ikanijibu:
"Kwetu hakuna. Labda kwa jirani."

Basi akataka abebwe na kiti chake hadi ukumbini,
akaweka mikono miwili mapajani, wazi, chini ya taa,
kama mtu anayeonyesha hina.
"Mimi ninao," akasema. "Wa pili nani?"

Tulisikia friji ya chumba cha nne ikinguruma.
Kisha Kahindi, mchukuzi wa magunia Kongowea,
akafunua shati kiunoni.
Kisha mkewe. Kisha mwenye nyumba,
ambaye kodi yake ya mwezi ule hakuidai kwa sauti.

Usiku ule tulipakana, kutoka shingo hadi nyayo,
weupe kama nyumba iliyopigwa chokaa kabla ya Maulidi.
Mashuka tuliyachemsha kwenye sufuria ya biriani
tuliyoazima kwa chama cha harusi.
Wenyewe hatujawaambia.

Sasa wamekufa. Nimetazama, nimehakikisha.
Lakini ngozi ina kumbukumbu yake,
wiki mbili bado huwasha palipokuwa na mtu.
Nyanya ananiita: "Kucha!"
Najua hapana kitu pale.
Nainuka, namkuna.