Kinu cha Miwa

Mgeni wa chumba namba sita hakuja Moshi kupanda mlima.
Magoti, alisema, yameshapanda ya kutosha.
Bi Verlyn, mstaafu wa posta, mzaliwa wa kisiwa
ambacho kwenye ramani yetu ya mapokezi
kimefunikwa chote na kichwa cha pini.

Asubuhi, mlima umejivuta shuka hadi kidevuni,
ananionyesha kwao kwenye simu, chai ikipoa:
maporomoko yenye daraja la kamba
(tunayo, Materuni, ila ujiandae na utelezi),
ziwa lililolala ndani ya mdomo wa volkano
(tunalo, Chala, upande wetu, upande wa Kenya),
chemchemi ya kiberiti inayonuka yai bovu
(hapo nikanyamaza; maji ya Chemka hayanuki kitu),
ngome ya mawe, mizinga kumi na miwili
imeitazama bahari kana kwamba adui
amechelewa tu kwenye foleni.

Kisha jengo lisilo na paa.
Gurudumu la chuma, kutu rangi ya karanga,
maua mekundu yamepanda hadi dirishani,
na bibi harusi katikati, anapigwa picha.
"Hiki ndicho wageni wanachokipenda kuliko vyote.
Kinu cha miwa."

Nikacheka. Sikukusudia.
Watu wanapanda ndege kwenda kuona miwa?
Mimi nimezaliwa ndani ya miwa.
Baba yangu, Ntandu, alikuja kutoka Singida na sanduku la bati
kukata msimu mmoja, apate mahari, arudi.
Sanduku lipo mpaka leo. Tunawekea mahindi.

Jumamosi tukateremka Arusha Chini,
joto likipanda kila kilomita,
hadi miwa ikaziba pande zote mbili
na upepo ukapita juu yake kwa ile sauti ya karatasi.
Walikuwa wamechoma shamba usiku.
Majivu yalielea kama nyuzi nyeusi zilizofumuka.
Bi Verlyn akashusha kioo, akanusa,
akasema neno la kwao
ambalo sikulijua, na sikuliuliza.

Baba alikuwa kibarazani, anaziba pancha ya baiskeli.
Akakunja suruali, akamwonyesha muundi:
hili kovu, panga, mwaka wa mvua nyingi;
hili hapa, usingizi.
Halafu akaniuliza mimi, si yeye:
"Huko kwao, kuingia kukiona hicho kinu, wanalipa?"
Dola kumi na tano. Nikaibadilisha kwa shilingi.
Alicheka mpaka gundi ikamwagika.
"Mimi nimekaa humo miaka thelathini na mmoja,
sijawahi kudaiwa kiingilio!"

Hilo nalo nililitafsiri, ingawa polepole.

Bi Verlyn hakucheka.
Alisema bibi wa bibi yake yumo
kwenye daftari la kile kinu, nyuma ya kioo,
ukurasa ambao mwongozaji huugusa kwa ncha ya kalamu:
jina moja tu, bila la baba,
mstari mmoja chini ya nyumbu.
Na nyumbu, alisema,
bei yake ilikuwa kubwa zaidi.

Nilitafuta pa kuanzia. Kiswahili nilikuwa nacho,
mdomo ndio haukuwepo.
Nikasema nyumbu. Nikasema bei.
Baba akaitazama tiyubu mkononi, muda mrefu,
kama vile pancha imehama.

Kisha akaingia ndani, akatoka na mua na kisu,
akaumenya kwa mapigo manne, bila kuutazama,
akamkatia kipande cha chini, penye utamu.
Bi Verlyn akatafuna. Maji yakamtiririka kidevuni,
mstaafu wa posta, herini za lulu,
makapi yamejaa kiganjani,
anageuka huku na huku akitafuta pipa.

"Mwambie atupe tu," baba akasema.
"Hapa bado hapajawa kivutio."